Bastola Bila Daftari

Mwezi Januari mwaka 1963, mkazi mmoja wa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, alijaza hati ndogo ya kuagiza bidhaa kwa njia ya posta. Bidhaa aliyoitaka ilikuwa bastola iliyokwisha kutumika, na bei yake ilikuwa dola 29 na senti 95. Alitanguliza dola 10, na salio akakubali kulilipa mzigo utakapofika. Jina aliloliandika halikuwa lake. Hati hiyo ilikuwa pia na nafasi ya shahidi, ambaye alitakiwa kuthibitisha kwamba mnunuzi ni raia wa Marekani na kwamba hajapata kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Nafasi hiyo nayo ilijazwa. Baadaye wataalamu wa miandiko walibaini kuwa mnunuzi na shahidi wake walikuwa mtu mmoja. Mwezi Machi bastola ilisafirishwa kwa mwenyewe.

Mnunuzi huyo alikuwa Lee Harvey Oswald. Tarehe 22 Novemba mwaka ule ule, kiasi cha dakika 45 baada ya Rais John F. Kennedy kupigwa risasi, bastola hiyo ilimwua askari polisi J. D. Tippit barabarani mjini Dallas. Ndivyo ilivyoamua Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji ya Rais huyo.

Yafaa itazamwe kwa makini jinsi biashara ile ilivyokwenda. Muuzaji alipata fedha zake zote. Mnunuzi alipata chombo kinachofanya kazi, na kwa bei ndogo. Wala hapakuwa na udanganyifu juu ya mali yenyewe. Kwa kipimo cha soko peke yake, mauzo yale yalikuwa salama kabisa. Walakini yaliacha maiti. Kilichokosekana ni shahidi wa kweli, yaani mtu wa tatu asiyekuwa muuzaji wala mnunuzi, mwenye kuuliza na mwenye kuandika. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya kawaida ikipotea, hasara ni ya mwenye mali. Bastola ikipotea bila habari, hasara humpata mtu ambaye hakuiuza, hakuinunua, na hakujua kuwa ipo.

Suala hili halikuzikwa pamoja na mwaka 1963. Wataalamu wa Small Arms Survey, huko Geneva, walikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki na bastola zipatazo milioni 393, idadi inayozidi watu wote wa nchi ile. Bastola iliyotunzwa vema hudumu kuliko maisha ya mwenyewe. Kwa hiyo kila mwaka nyingi huhama mikono: kwa urithi, kwa zawadi, kwa kuuzwa dukani, na kwa kuuzwa baina ya watu wawili wanaokutana mahali na kuagana. Miongoni mwa wanaoishi katika nchi hiyo wamo ndugu wengi kutoka Afrika Mashariki. Yuko dereva wa teksi wa Minneapolis, mwenye duka wa Houston, na muuguzi wa Columbus anayerejea nyumbani usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na mwenzake kazini kwamba iko bastola nzuri ya mkono wa pili, ya bei nafuu, swali la kununua kwa usalama humhusu moja kwa moja.

Jibu ambalo husikika mara nyingi ni la chuma. Anayeuza humwambia anayenunua achungulie mtutu, ajaribu kifyatulio, kisha atoe fedha. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Hata hivyo nusu hiyo isidharauliwe, maana silaha mbovu yaweza kumjeruhi anayeishika kabla haijamfikia adui yeyote.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila silaha ihesabiwe kuwa imejaa risasi hadi mshikaji ajionee mwenyewe kuwa ni tupu. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Mtutu uelekezwe upande usio na mtu, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Katika bastola yenye magazini, magazini hutolewa kwanza, ndipo sehemu ya juu huvutwa nyuma na chemba hutazamwa. Mpango huo usigeuzwe. Anayevuta kwanza hutoa risasi iliyomo chembani na papo hapo huingiza nyingine kutoka katika magazini, na akidhani kuwa sasa ni tupu, hapo ndipo ajali hutokea. Katika bastola ya gurudumu, gurudumu lote hufunguliwa na kila tundu hukaguliwa.

Baada ya hapo ndipo chuma huchunguzwa. Mtutu humulikwa kwa taa ili kuona kutu, mashimo ya kutu, na hasa uvimbe, ambao ni dalili kuwa risasi ilipata kukwama ndani na nyingine ikaifuata. Gurudumu likiwa limelegea, matundu yake hayalingani sawasawa na mtutu, na risasi hutoka ikichubuka na kurusha vipande pembeni. Kifyatulio kilichosuguliwa na fundi wa uchochoroni ili kiwe chepesi chaweza kufyatua silaha kabla mwenyewe hajakusudia. Kiwanda kilichoitengeneza kinaweza kuwa kimewahi kuita bastola za aina hiyo zirudishwe kurekebishwa, na mnunuzi yampasa aulize kwa kutumia namba yake.

Bastola ya Oswald yenyewe ina somo hapa. Ilitengenezwa Marekani, ikapelekwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha ikarudishwa Marekani kama mali ya ziada. Wafanyabiashara waliukata mtutu wake ukawa mfupi, na matundu yake wakayachonga upya yapokee risasi nyembamba na ndefu kuliko ile iliyokusudiwa na kiwanda. Katika silaha zilizogeuzwa hivyo ganda la risasi huvimba, na mara nyingine hupasuka. Mnunuzi asiyejua historia hiyo huona bastola ndogo inayofichika kwa urahisi. Fundi anayejua huona chombo kilicholazimishwa kufanya kazi isiyo yake. Kwa sababu hiyo ujira wa fundi stadi wa silaha, atakayeikagua kabla ya fedha kutolewa, si gharama ya kukwepwa.

Hata hivyo fundi huweza kusema habari za chuma tu. Hawezi kusema bastola ilikuwa wapi mwaka jana, wala itakuwa wapi mwaka ujao. Nusu hiyo ya pili husemwa na maandishi.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 5 Juni 1968, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Seneta Robert Kennedy alipigwa risasi, naye akafa siku iliyofuata. Silaha iliyotumika ilikuwa bastola ndogo ya gurudumu yenye matundu manane. Namba yake ilikuwa imeandikwa siku ya mauzo ya kwanza, na kwa namba hiyo polisi waligundua upesi kuwa iliuzwa mwaka 1965 kwa mzee mmoja aliyetaka kuilinda nyumba yake baada ya ghasia za Watts. Daftari likaishia hapo. Kutoka kwa mzee bastola ilimfikia binti yake, binti akampa kijana jirani, na kijana akaiuza kwa ndugu wa Sirhan Sirhan, aliyekuja kutiwa hatiani kwa mauaji hayo. Katika mlolongo huo mzee, binti na kijana hawakuwa majambazi. Kila mmoja alifanya jambo dogo ambalo halikuonekana kuwa baya. Lakini kila mkono ulipopokea bila kuandika, umbali baina ya nia njema ya mzee na kifo cha Seneta ulizidi kufupika.

Mwaka huo huo wa 1968, mwezi Oktoba, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria kubwa ya kudhibiti silaha. Sheria hiyo ilipiga marufuku raia kuagiza silaha kwa posta kutoka jimbo jingine, iliwataka wenye viwanda wachonge namba katika kila silaha, na ilimtaka kila mfanyabiashara wa silaha awe na leseni na atunze daftari la mauzo. Johnson mwenyewe alisikitika hadharani kwamba Bunge lilikataa uandikishaji wa silaha zote na leseni kwa kila mwenye silaha. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 iliongeza uchunguzi wa mnunuzi, na tangu tarehe 30 Novemba 1998 uchunguzi huo hufanywa kwa mtambo wa FBI, ambao humjibu mwenye duka kama mnunuzi aliye mbele yake anaruhusiwa au la.

Lakini wajibu huo ulimwangukia mwenye leseni peke yake. Raia asiyefanya biashara ya silaha, anayemwuzia raia mwenzake wa jimbo moja, halazimiki kwa sheria ya nchi nzima kumchunguza mnunuzi wala kuandika lolote. Amekatazwa tu kumwuzia mtu ambaye anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi. Sheria inayomkataza mtu kufanya analolijua humpa faida asiyeuliza. Tena sheria nyingine ya mwaka 1986 iliizuia Serikali kuu kuanzisha daftari la wenye silaha. Matokeo yake huonekana katika kituo cha kufuatilia silaha kilichoko Martinsburg, West Virginia. Silaha ikiokotwa penye mauaji, watumishi wa kituo hicho huanza kwa kiwanda, kutoka kiwandani huenda kwa mwenye duka, na kutoka dukani humfikia mnunuzi wa kwanza. Ikiwa yeye aliiuza kwa mtu bila maandishi, njia hukatika, na askari hubaki kubisha hodi nyumba kwa nyumba kama walivyofanya wale wa Los Angeles.

Wako wanaosema kwamba madaftari humsumbua mtu mwema, na jambazi hayajali. Wako pia wanaohofu kwamba daftari la leo ni orodha ya kunyang'anyia kesho. Hofu hiyo ya pili ni ya kweli nyoyoni mwa wengi katika nchi ambayo Katiba yake, tangu mwaka 1791, inataja haki ya raia kushika silaha, na haiondoshwi kwa kuchekwa. Lakini hoja ya kwanza imekanushwa na matukio. Tarehe 20 Aprili 1999, katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado, vijana wawili waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu 1. Moja ya silaha zao ilikuwa bastola iliyonunuliwa na mtu mwingine katika maonyesho ya silaha, kisha akamwuzia mmoja wao aliyekuwa bado hajatimiza umri wa kisheria. Muuzaji huyo hakuwa mwuaji. Alikuwa mtu aliyekubali dola 500 bila kuuliza mengi, na mahakama ikamfunga miaka 6. Kama desturi ingemlazimu kusimama mbele ya mtu wa tatu mwenye kalamu, mauzo yale yasingefanyika. Wananchi wa Colorado walilielewa hilo: mwezi Novemba 2000 walipiga kura kutaka kila mnunuzi katika maonyesho ya silaha achunguzwe, na mwaka 2013 jimbo hilo likaeneza sharti hilo kwa takriban mauzo yote ya watu binafsi. California ilikuwa imewatangulia tangu mwaka 1991. Texas haina sharti hilo.

Kutokana na hayo, mtu anayetaka kununua bastola ya mkono wa pili hana haja ya kulisubiri Bunge la Marekani limalize ubishi wake. Anaweza kujiwekea daftari yeye mwenyewe. Muuzaji na mnunuzi waweza kwenda pamoja kwa mfanyabiashara mwenye leseni, naye kwa malipo fulani hupokea silaha, hujaza fomu ya Serikali, humchunguza mnunuzi kwa mtambo wa FBI, kisha humkabidhi. Kama wauzianaji ni wakazi wa majimbo mawili tofauti, njia hiyo si hiari: bastola sharti ipitie kwa mwenye leseni wa jimbo la mnunuzi. Muuzaji akikataa kwenda huko, kukataa kwake ni jibu tosha, na mnunuzi mwenye busara hurejea nyumbani na fedha zake.

Namba iliyochongwa katika chuma ichunguzwe kabla ya bei kutajwa. Silaha za kabla ya mwaka 1968 huweza kuwa hazina namba kwa asili. Lakini namba iliyokwanguliwa au kupigwa nyundo ni kosa la jinai kwa yeyote anayeishika huku akijua, na kwa kawaida ni dalili ya wizi. Hati ya mauziano iandikwe, iwe na majina, tarehe, aina ya silaha na namba yake, na kila upande ubaki na nakala. Hati hiyo humlinda muuzaji zaidi kuliko mnunuzi, kwa maana siku silaha itakapookotwa, askari wa kufuatilia wataanza kubisha hodi kwa yule ambaye jina lake liko katika daftari la duka.

Kwa wageni wa Afrika Mashariki kuna jambo zito zaidi, ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa. Sheria ya Marekani haimruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda kumiliki au hata kushika silaha, isipokuwa kwa ruhusa chache, kama vile mwenye leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati za ukaazi haruhusiwi kabisa. Mwenye ukaazi wa kudumu aweza kuruhusiwa kama raia, kwa kufuata sheria za jimbo lake. Tangu mwaka 2022 adhabu ya juu kwa asiyeruhusiwa anayepatikana na silaha ni kifungo cha miaka 15, na hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini.

Katika jambo hili undugu waweza kuwa mtego. Mwanafunzi humwendea binamu yake mwenye ukaazi wa kudumu, humkabidhi fedha, na humwomba amnunulie kwa jina lake. Kwa desturi za nyumbani, kumkatalia ndugu ni aibu. Kwa sheria ile ya mwaka 2022, kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa ni kosa linaloweza kumfunga binamu miaka 15, na katika mauzo ya watu wawili bila maandishi hakuna mtu wa kuwaonya kwamba wanavuka mpaka. Mwenye duka angewaonya. Hivyo daftari, ambalo huonekana kama adui wa mgeni, ndilo ambalo lingewaokoa wote wawili.

Usalama wa bastola hauishi siku ya kununua. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Takwimu hizo zina maana kwamba hatari iliyo karibu zaidi na bastola ya nyumbani si mwizi wa dirishani, bali ni saa moja ya huzuni ya mtu wa nyumba ile ile, au ni mtoto mdogo afunguaye droo. Anayehesabu bei ya bastola ahesabu pia bei ya sanduku la chuma lenye kufuli, na kama bei hizo mbili pamoja zinamshinda, bastola yenyewe imemshinda.

Jambo hili lisisomwe kama hadithi ya nchi za mbali tu. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wake walikimbia na ghala la silaha la kambi ya Moroto likaachwa wazi. Bunduki zilizotoka humo zilienea Karamoja na kuvuka mipaka, zikauzwa kwa ng'ombe, zikauzwa tena, na zikaendeleza wizi wa mifugo na vifo kwa miaka mingi. Hizo nazo zilikuwa silaha za mkono wa pili zisizo na daftari. Kwa kutambua madhara ya namna hiyo, nchi za eneo hili zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, zikaahidi kupiga alama kila silaha, kuweka kumbukumbu, na kutoruhusu umilikaji holela wa raia. Ahadi hiyo hupata nguvu katika meza ya ofisa wa polisi anayeandika namba bila kupokea chochote chini ya meza, na katika nyumba ya marehemu ambamo warithi huipeleka bastola ya baba yao kituoni badala ya kuigawa pamoja na mashamba na vyombo.

Anayenunua bastola iliyokwisha kutumika hununua vitu vitatu kwa pamoja: chuma, mambo ambayo chuma hicho kimetenda, na mambo kitakayotenda kikitoka mikononi mwake. Cha kwanza hukaguliwa na fundi. Hivyo viwili vingine havina mkaguzi ila daftari. Mwaka 1963 nafasi ya shahidi ilikuwamo katika hati, ila mtu mmoja aliachiwa ajaze jina la mnunuzi na la shahidi pia. Palipo na mauzo ya silaha, nafasi hiyo haina budi kujazwa na mtu mwingine.